Unyayo wa Mama Bandeji

Wahenga walinena kuwa mganga hajigangi. Hawakumkejeli mganga wala kudharau dawa zake. Walijua tu kwamba jicho linaloona maradhi ya kila mtu huingiwa na kiwi likigeuzwa kumtazama mwenyewe. Muuguzi mmoja alilipia somo hilo kwa kidole cha mguu. Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na saba katika chumba cha kufungia vidonda cha zahanati moja, hata wagonjwa wakamwita Mama Bandeji.

Wengi wao walikuwa watu wa kisukari, wenye vidonda vya miguu vilivyokaa mwaka bila kupona. Mama Bandeji alikuwa na mikono laini na ulimi mkali kama pilipili. Aliyejimwagia spiriti nyumbani alikoma siku hiyo. Alimweleza kwamba dawa ya kuua vijidudu haina macho: ikiwa kali mno, huviua pamoja na nyama changa inayoota. Kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi, kipakwe iodini hafifu iliyopimwa, na mguu upumzishwe. Muhimu zaidi, unyayo ukaguliwe na mtu mwingine.

Yeye mwenyewe alikuwa na kisukari kwa mwaka wa tisa. Jioni moja, alipovua viatu, alikuta kijiwe ndani ya kimoja. Kilikuwa kimeshinda humo kutwa nzima asikisikie, kwa maana kisukari kilikuwa kimeutia mguu ganzi. Chini ya kidole gumba palikuwa na tundu lisilozidi punje ya hindi.

Kesho yake angepaswa kuwa wa kwanza kwenye foleni. Badala yake alijifungia bafuni, akamimina kidondani dawa ya kuua vijidudu, ile inayotoa povu, bila kuichanganya na maji. Povu jeupe likaumuka, akaridhika. Alikuwa akiona haya, na chini ya haya palikuwa na hofu, kwa maana alikuwa ameifunga miguu mingi iliyokatwa. Alijiambia ni siku tatu tu. Siku tatu zikazaa wiki, na wiki zikazaa miezi miwili. Kila nyama changa ilipochungulia, aliiunguza upya, na mguu uliokufa ganzi haukulalamika. Kutwa alisimama juu yake akiwahimiza wengine wapumzishe yao. Mumewe alipouliza kuhusu harufu ya dawa, aliambiwa kwamba bafu limesuguliwa.

Aliyemfichua ni fundi viatu aliyeketi mkabala na lango la zahanati. Mama Bandeji alimpelekea kiatu kilicholegea kisigino, akakaa kwenye kigoda kusubiri. Fundi alichomoa soli ya ndani, akaitazama, akainusa, kisha akaiweka chini taratibu. Miaka minne nyuma nusura apoteze mguu kwa kisukari, na aliyemuuguza ni mteja huyu huyu aliyeketi mbele yake.

"Mama, kiatu nitakishona," alisema bila kuinua uso. "Lakini hii harufu naijua, niliwahi kuwa nayo. Mguu huu anaufunga nani?"

"Naufunga mwenyewe."

"Na unyayo wake unauona?"

Mama Bandeji aliuvuta mguu nyuma ya kigoda.

"Mimi ulininyang'anya chupa ya spiriti," fundi alisema. "Wewe atakunyang'anya nani?"

Hakumrudishia kiatu. Alikiweka kwapani, akavuka barabara akichechemea kwenda kumwita muuguzi wa zamu. Mama Bandeji akabaki kigodani na kiatu kimoja, hana pa kukimbilia.

Muuguzi huyo alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, tena aliyekemewa kuliko wote. Alimlaza kwenye kitanda cha chuma ambacho Mama Bandeji alikuwa akiwalazia wengine. Kingo za kidonda zilikuwa nyeusi, na kijiti cha kupimia kikagusa mfupa. Hospitalini alikopelekwa, daktari aliamua kidole gumba kikatwe kabla usaha haujapanda.

Baada ya hapo alitibiwa kwa yale yale aliyoyafundisha. Nyama iliyokufa iliondolewa, maji ya chumvi yakatumika, iodini hafifu ikapimwa, sukari ikadhibitiwa, naye akatembea kwa magongo. Mara mbili alinyoosha mkono kuchukua koleo ajifunge mwenyewe.

"Leo wewe ni mgonjwa, mama," muuguzi alimwambia. "Mikono kifuani."

Aliitii sauti hiyo kwa shida zaidi kuliko alivyouvumilia upasuaji. Katika mwezi wa tano wa matibabu kidonda kilifunga, na mguu ukabaki.

Aliporudi kazini alifanya kazi ameketi. Siku moja mgonjwa mgeni, mwalimu mstaafu, alikitazama kiatu cha Mama Bandeji kilichobonyea palipokosa kidole, akauliza, bila ubaya, ilikuwaje bingwa kama yeye akapoteza kidole. Mama Bandeji alimaliza kwanza kukunja ncha ya bandeji.

"Nilijua kila kitu kuhusu vidonda," akasema. "Nilichokataa kukubali ni kwamba hiki kilikuwa changu."

Mwalimu akatikisa kichwa polepole. Hakika, hata awe bingwa wa mabingwa, mganga hajigangi.