Mzazi Ndani ya Nyumba ya Moto

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa jiko.
Na moto wake?
Moto una mwenyewe. Kaeni vizuri basi, na wewe uliyeegemea mlango, maliza kutafuna kwanza.

Hapo kale, kale ya kale, palikuwa na mji ambao moto wake wote ulikuwa wa Mfalme. Uliwekwa katika nyumba moja, Nyumba ya Moto, na aliyeulinda ni Bwana Faki, Msimamizi wa Moto. Kila asubuhi watu walikwenda na kibaba cha mchele, wakapewa kaa moja. Huna mchele, huna kaa. Jioni askari walipita wakimwagia maji majiko yote, maana moto ukilala kwako, kesho utanunua nini? Na ile ada yetu ya kwenda kwa jirani na kigae kuomba moto, ilipigwa marufuku. Ukimpa mwenzio kaa, mbuzi wako anachukuliwa.

Mnayaona mambo hayo? Mimi yananiudhi mpaka leo.

Katika mji huo alikaa mjane mmoja, Bi Mize. Mwaka huo mvua ilimtupa mkono, shamba likatoa mabua. Na mwaka huo huo binti yake, Mwanatumu, alirudi kwa mamaye kujifungua. Akapata mtoto wa kike. Sasa nyinyi mnajua, mzazi hukandwa. Maji ya moto asubuhi, maji ya moto jioni, na uji wa pilipili manga, mpaka arubaini itimie. Asipokandwa huingiwa na baridi, na wengi baridi hiyo imewazika. Mwanatumu alikwisha anza kutetemeka, na jiko la mamaye halikuwa na hata cheche.

"Si upo moto wa sadaka?" akasema jirani yake, Bi Riziki. "Mfalme ameuweka kwa wasiojiweza. Nenda kaombe, ni haki yako."

Bi Mize akashika njia. Mguu na njia, mguu na njia, mpaka Nyumba ya Moto.

"Hodi."

"Sema," akajibu Bwana Faki, bila kuinua kichwa.

"Naomba moto wa sadaka, bwana. Nina mzazi ndani, anatetemeka."

"Kila mtu husema hivyo. Nani anajua kama jiko lako limezimika? Lete shahidi."

Bi Mize akarudi na jua lile. Mguu na njia, mguu na njia. Akamleta Bi Riziki, naye akaapa kwamba jiko lile limezimika tangu juzi.

"Huyu ni jirani yako," akasema Bwana Faki. "Jirani atakusema vibaya? Lete majivu ya jikoni kwako, tuyashike wenyewe."

Mguu na njia, mguu na njia. Akaleta majivu kwenye ungo. Bwana Faki akatia kidole, akakizungusha, akatikisa kichwa.

"Ni baridi kweli. Lakini majivu hutoka wapi? Kwenye moto. Basi moto ulikuwa nao, ukauchezea."

Jamani. Hata mimi ninayesimulia nimechoka. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

"Bwana Faki," akasema Bi Mize, na sauti ilikuwa imeanza kukauka, "niambie neno la mwisho. Nilete nini nipewe moto?"

"Ombi la sadaka hupelekwa kwa Mfalme, na kwa Mfalme hakwendwi mikono mitupu. Lete chungu cha chakula kilichopikwa, kikiwa bado cha moto."

"Nitakipikia nini?"

"Hilo mimi halinihusu."

Wala hakuwa akitania, ndilo lililomuuma zaidi Bi Mize. Alirudi nyumbani akaketi kizingitini akalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira, si cha huzuni. Ndani Mwanatumu akaita, "Mama, miguu siisikii." Bi Mize akafuta macho kwa upindo wa kanga, akainuka.

"Bi Riziki, shika kitanda upande ule. Waite na wenzetu."

Wakambeba mzazi juu ya kitanda, mtoto kifuani, kanga zimefunika pande zote. Wakaingia Nyumba ya Moto moja kwa moja.

"Pisheni," akasema Bi Mize. "Mzazi anakuja kukandwa."

Mnajua ada ya mji ule. Mwanamume hakai penye mzazi anayekandwa, awe mtumwa au sultani. Wanaume wote wakatoka, Bwana Faki mbele, kiatu kimoja amekiacha. Mlango ukafungwa. Wanawake wakateleka sufuria kubwa juu ya moto wa Mfalme, Mwanatumu akakandwa mpaka jasho likamtoka.

"Tokeni," akasema Bwana Faki dirishani, amegeuza uso.

"Hatujamaliza."

"Mtamaliza lini?"

"Arubaini ikitimia."

Jioni ile mpishi wa Mfalme alikuja kuchukua makaa. Naye ni mwanamume, akakaa nje. Mfalme akalala bila kula. Asubuhi uji hakuna, kahawa hakuna. Akaja mwenyewe, amekunja uso, naye akasimama nje kwenye vumbi na wenzake.

"Nani huko ndani amechukua moto wangu?"

"Ni mimi, Bi Mize. Niliuomba kwa adabu, bwana wangu, sikupewa. Basi nimemleta mzazi kwenye moto."

Mfalme akamgeukia msimamizi wake. "Alikuja kwako?"

"Alikuja, lakini ombi halikukamilika."

"Kaa moja, Faki," akasema Mfalme, na alionekana amechoka zaidi ya kukasirika. "Kwa kaa moja, mimi nimelala na njaa." Akakohoa. "Tangu leo, mzazi, mgonjwa na mzee wasiojiweza hawaji kuomba. Moto utawafuata majumbani kwao, bila kibaba. Na utakayewapelekea ni wewe."

Mzazi akarudishwa nyumbani, na kesho yake alfajiri Bwana Faki alikuwa mlangoni kwa Bi Mize, chungu cha makaa kichwani, jasho linamtiririka.

"Hodi."

Mlango ukafunguliwa na Mwanatumu, amesimama kwa miguu yake mwenyewe, mtoto begani. Akapokea chungu.

"Ahsante, baba," akasema. "Kesho uwahi kidogo."

Ngano yangu naifukia jivuni hapa. Aliyeipenda na aipepee, aliyeichukia asiimwagie maji.