Ilani ya Ndiva

Asomewaye huchaguliwa hasira. Mnarushiana maneno hayo kwa utani kutwa nzima, na leo ndiyo mmekumbuka kuuliza yametoka wapi. Haya, methali hii ilianza hivi, kule milimani Upare.

Nakijwa alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Kila jioni aliwasubiri vijana wakulima wa tangawizi, na kila jioni wakamjia bibi zao. Vijana wenyewe walijazana kibandani kwa Mbonea, aliyekuwa akiwasomea matangazo, ujumbe wa simu, hata barua za wachumba.

"Njooni mjisomee," Nakijwa aliwasihi mpaka koo likamkauka.

"Ya nini, mwalimu? Mbonea anatusomea bure, tena kwa vitendo."

Kwa vitendo kweli. Ilani ilipobandikwa kuhusu ndiva, lile bwawa la kijiji linalokusanya maji ya mifereji, Mbonea aliisoma huku akifuta machozi. Akasema maji amepewa tajiri wa mjini. Hakusema kwamba yeye mwenyewe aliutamani uenyekiti wa maji, na kwamba fujo kidogo ingemfaa.

Vijana wakaing'oa ilani, wakaenda nayo kwenye ndiva na majembe na mitaimbo, waibomoe tajiri asiipate. Na tangawizi yao iko shambani, inangoja maji hayohayo! Sasa watu kama hao utawafanyaje?

Nakijwa alipofika anahema, ukuta ulikwisha kutobolewa na maji yanaporomoka bondeni.

"Nipeni hiyo karatasi niwasomee."

"Wewe ni dada yake mwenyekiti wa maji," kijana mmoja akamjibu. "Utasoma anachotaka kaka yako."

Nakijwa akaketi juu ya jiwe, akacheka kicheko cha mtu aliyeishiwa matusi.

"Sawa, mimi msiniamini. Na Mbonea mlimwamini kwa lipi, masharubu?" Akamgeukia mmoja wao. "Kazeni, wewe ulikuja darasani msimu mzima ukimfuata mjukuu wa Bibi Naighenja. Binti alikukataa. Herufi je?"

"Herufi hazikunikataa, mwalimu."

Wenzake wakaguna kwa kicheko. Kazeni akashika ilani, kidole kikitambaa chini ya maneno.

"Ndi-va i-me-pa-ta u-fa. Ju-ma-ta-tu ki-la ki-ja-na a-je na je-mbe tu-i-zi-be."

"Soma pale pa tajiri."

"Sipaoni."

"Tafuta vizuri, bwana."

"Nimefika mwisho. Umebaki muhuri."

Mbonea, aliyekuwa nyuma akiwahimiza, akakumbuka kwamba ana mgeni nyumbani.

"Sasa mwalimu," Kazeni akauliza taratibu, "sisi tumekasirikia nini?"

"Mmekasirikia alichowachagulia Mbonea. Haya, ilani inataka majembe, na majembe mnayo. Zibeni."

Waliziba mpaka giza likaingia, lakini maji mengi yalikwisha kwenda zake. Msimu ule tangawizi ilitoka na vidole vyembamba kama vya mgonjwa, na hapakuwa na tajiri wa kulaumiwa.

Darasa likajaa vijana hata bibi zao wakakosa pa kukaa, wakanung'unika. Na Mbonea alipokuja tena na ilani nyingine, ameshaandaa na machozi, vijana wakamwambia aibandike tu ukutani aende zake.

"Lakini nani atawasomea?"

"Tutajisomea, mjomba," wakamjibu. "Asomewaye huchaguliwa hasira."