Mama Pimbi na Kishikwambi cha Rafu ya Chini

Hadithi hii nilipewa kwanza na wifi yangu Mwanahawa, tukichambua mchele uani. Nami nawapa nyinyi, watoto, kama nilivyoipokea. Sogeeni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipanga vyumba na kulipia umeme kama sisi, palikuwa na kikundi cha wauza asali. Mwenyekiti alikuwa Tembo. Mlinzi wa ghala alikuwa Nyati. Mtunza hesabu alikuwa Mama Pimbi, mdogo kama paka, mwepesi kama cheche.

Hesabu zao waliziandika kwenye magome ya miti. Basi mchwa wakaingia, kwaru kwaru kwaru, wakala zote! Wanachama wakaanza kugombana. Huyu anasema, "Nilileta ndoo nyingi!" Yule anasema, "Mwongo wee!"

Ikaamuliwa kinunuliwe kishikwambi. Mchana kifanye hesabu za ofisi, jioni kila mwanachama apangie humo matumizi ya nyumbani kwake. Lakini fedha iliyokuwepo ilikuwa kidogo, ya kununua kimoja tu. Wakikosea, kikundi kinavunjika.

Duka la vishikwambi lilikuwa la Kiboko, kando ya mto. Mlango ulikatwa kwa kipimo cha Kiboko mwenyewe, kwa hiyo Tembo hakuenea. Akaketi nje barazani, puu! Baraza ikatikisika.

Ndani kulikuwa na kibao kikubwa: MTEJA HARUHUSIWI KUGUSA. KITU KIKITOKA DUKANI HAKIRUDI.

"Karibuni, karibuni!" Kiboko akaachama. "Tazameni hiki cha dhahabu. Kipana kama sinia!"

Kilikaa rafu ya juu, kimechomekwa waya, kinametameta. Kwenye kioo samaki wa rangi walikuwa wanaogelea.

"Lo!" Nyati akashangaa. "Mwenyekiti, kina samaki!"

Tembo akachungulia dirishani. "Hicho hicho! Mkubwa hutumia kikubwa!"

"Mzee Mwenyekiti," Mama Pimbi akasema taratibu, "kwani kinafungua programu ya hesabu?"

"Pimbi, hukioni kilivyo? Kitu cha namna hii kishindwe na hesabu?"

"Basi naomba nikiguse kidogo."

"Ah-ah-ah!" Kiboko akanguruma. "Husomi kibao, mama? Ukigusa, umenunua!"

Nyati akacheka. "Kaa pembeni, shemeji. Vidole vyenyewe kama njugu."

Mama Pimbi hakubishana. Alitabasamu tu.

"Haya, tukichukue," akasema. "Ila, bosi, mwenyekiti wetu si mtu wa kuondoka bila risiti. Na risiti yake huandikwa kwa kitu chenyewe kinachouzwa, mbele ya macho yake, jina lote na vyeo vyote. Au nimekosea, Mzee?"

Tembo hakuwahi kuisikia desturi hiyo. Lakini masikio yake yalipepea kwa furaha. "Hujakosea! Vyeo vyote!"

"Risiti tu?" Kiboko akasema. "Hiyo kazi ndogo!"

Akachomoa waya, akatoka na cha dhahabu mpaka barazani. Akaanza kuandika: Mheshimiwa Mzee Te...

Pyuuu! Kioo kikazima, giza tupu.

"Samaki wamekwenda wapi?" Nyati akauliza.

"Aa, kimechoka na safari," Kiboko akajibu.

"Safari ya kutoka rafuni?"

Wapita njia wakaanza kusimama. Kiboko akakimbia ndani, akarudi na kingine, chembamba cheusi. Hiki kiliandika vizuri: Mheshimiwa Mzee Tembo, Mwenyekiti wa Kudumu, Mlezi wa Vijana, Mfunguzi wa Visima.

"Safi sana!" Mama Pimbi akapiga makofi. "Sasa bei ya kishikwambi na ya kifuniko chake ziingie kwenye programu ya hesabu, zijumlishwe."

Kiboko akabonyeza. Kiduara kikazunguka, zungu, zungu, zungu. Wakangoja. Nyati akasinzia, akaamka. Kiduara bado kinazunguka. Mwisho kikaandika: NAFASI IMEJAA. Na jina likapotea lote.

"Kiboko!" Tembo akapaza sauti. "Umenipeleka wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Kiboko jasho likamtoka.

"Pole, bosi," Mama Pimbi akasema. "Kimebaki kile cha rafu ya chini, chenye vumbi. Lakini kiache tu. Kitakuaibisha zaidi."

"Kiniaibishe mimi?" Kiboko akafoka. "Duka langu halina kisichoweza kazi!"

Akakichomoa, akakileta, akakifuta vumbi kwa tumbo. Akaandika jina na vyeo. Akafungua programu ya hesabu, akasoma bei kwenye karatasi iliyobandikwa mgongoni, akaiingiza, akaongeza kifuniko. Ti! Jumla hiyo hapo.

"Na matumizi ya nyumbani je?"

Ti! Nayo yakafunguka, unga upande huu, ada ya watoto upande ule.

Tembo akasoma. "Hakijaacha cheo hata kimoja!"

Mama Pimbi akaweka fedha mkononi mwa Kiboko upesi. Zikatosha, na chenji ikabaki. Hapo ndipo Kiboko alipoitazama vizuri ile bei: ilikuwa ya zamani, ndogo mno.

"Ngoja! Ngoja! Hiki kimepanda bei leo!"

"Risiti umeandika mwenyewe, bosi, watu wote wanaona."

"Basi nirudishie!"

"Husomi kibao?" Mama Pimbi akacheka. "Kitu kikitoka dukani hakirudi. Na hiki umekitoa wewe, kwa mkono wako!"

Kiboko akafumba kinywa, papu!

Asali ikaandikwa, ugomvi ukaisha. Jioni hiyo Nyati alikuja polepole. "Shemeji, na mimi nipangie. Mshahara wangu huisha kabla sijafika nyumbani."

Fundisho lake ni hili: kitu cha kazi, kipe kazi kwanza, ndipo ukilipie.

Mimi nilipoisikia, nilikuwa na biashara yangu ya vitumbua, na aibu ya kuuliza dukani. Kesho yake asubuhi nilimfunga mwanangu mgongoni, nikaenda. Muuzaji akanipa kishikwambi, akasema, "Chukua tu, dada, hiki kizuri." Nikamwambia, "Fungua programu ya hesabu, kaka. Andika unga wa mchele, nazi, mafuta." Nikasimama palepale mpaka kikajumlisha.