Pindo la Shati la Semvua

Hapo zamani, tena zamani ya juzijuzi tu maana simu zilikuwepo, kulikuwa na binti wa Upareni aitwaye Nakijwa. Alisoma chuo kikuu, mwaka wa tatu, elimu ya kuchunguza ushahidi wa uhalifu: damu, nywele, alama za vidole. Kijijini walimtania wakimwita mpelelezi.

Kaka yake, Semvua, aligombania zamu ya maji ya mfereji. Akachomwa kisu. Alijikokota hadi nyumbani, wakamvua shati, akafa bila kutaja jina. Polisi wakachukua mwili, shati likasahauliwa chini ya kitanda. Watu walimshuku jirani, Kirumbe, aliyeonekana na jeraha kiganjani. Kama kweli walishikana, damu ya Kirumbe nayo ilikuwa kwenye shati lile.

Nakijwa akafika msibani. Akamkuta shangazi yake, Namkunda, ameinamia beseni, anafua nguo za marehemu, kwani kwao nguo hufuliwa kabla ya kugawiwa ndugu. Shati lilikuwa mikononi mwake. Nakijwa alijua kabisa kinachopotea. Lakini binti amkataze shangazi mbele ya waombolezaji? Akanyamaza. Alipopata ujasiri wa kuliomba, lilibaki pindo la mkono mmoja tu lenye doa.

Akalikata, akalitia kwenye bahasha. Angelipeleka polisi. Ila aliogopa kumponza jirani asiye na hatia, akaona apate uhakika kwanza. Akampa Mbonea, kijana aliyesoma naye chuoni, hodari wa maabara. Mbonea akapima. Akapima tena. Ndani ya doa mlikuwa na damu ya mwanamume mwingine. Wakafurahi, masikini, wakakimbilia polisi.

Kirumbe akashtakiwa. Mahakama ikakataa vipimo vya mwanafunzi, ikataka doa lipimwe na maabara ya serikali, lilinganishwe na damu yake. Doa halipo. Lote lilikwisha kwenye vipimo vya Mbonea. Kirumbe akaachiwa, na mpaka leo anafungulia maji mfereji uleule.

Mama yake Semvua akawaita wote watatu: Namkunda, Nakijwa na Mbonea.

"Sitaki kesi nyingine," akasema. "Nataka mmoja tu, mwenye kosa kubwa, aende kaburini akamwombe radhi mwanangu. Wengine nimewasamehe."

Shangazi akasema, "Ni mimi, wifi. Nilidhani namheshimu marehemu, kumbe namfulia muuaji wake."

Nakijwa akasema, "Ni mimi, mama. Shangazi hakujua. Mimi nilisomeshwa nijue, nikaona haya."

Mbonea akasema, "Mimi si wa ukoo huu, mama, lakini ni mimi. Kipimo cha kwanza kilitosha. Cha pili nilitaka tu nisikosee."

Mama akawatazama mmoja mmoja, akashindwa kuchagua. Hata mimi ninayesimulia nimeshindwa, na inaniuma.

Haya, nyie mlionisikiliza mpaka hapa, je, nani aende kaburini?