Njia Iliyofungwa kwa Heshima ya Chui

Uongo wako wa mwisho uliopigiwa makofi ulikuwa upi?

Usigeuke kumtazama jirani, nakuuliza wewe. Sisemi ule uongo wa aibu, wa kujikinga na fimbo. Huo tunaujua na tunautubu kila Jumapili. Nauliza ule mtamu, uliousema watu wakatikisa vichwa wakaitikia, "Bwana asifiwe," nawe ukaketi umejaa kama mtu aliyetoka karamuni. Lishike jibu lako hapohapo, twende safari.

Alikuwapo mama mmoja, mzee wa kanisa, mwanamke wa kuheshimika tangu kitambaa cha kichwani hadi kiatu. Usharikani kwao, saa ya ushuhuda ikifika, watu walijisogeza mbele kwenye mabenchi, maana mama huyu hakuwahi kukosa neno. Wengine walipanda basi wakafika. Yeye akipanda basi, lazima asemeshwe na malaika njiani. Basi akateuliwa, yeye na katibu wa akina mama, mtu wa rika lake, kwenda Brazili kwenye mkutano wa makanisa juu ya utunzaji wa misitu. Maazimio yalipokwisha kusomwa na watu kusinzia inavyopasa, wenyeji wakawapeleka wajumbe kupumzika ndani ya Amazoni yenyewe, kwenye nyumba ya wageni ya kutazama wanyama.

Wapendwa, huko maji hayana haraka. Mto umepanda ukaingia msituni, ukasimama katikati ya miti kama mtu aliyesahau alichofuata. Nyumba zimejengwa juu ya nguzo, na chini yake kuna nyumba nyingine zilizopinduka ndani ya maji, na mbingu nyingine, na ndege wanaoruka kichwa chini. Jani likidondoka, unaliona jani lenzake likipanda kutoka kilindini kulipokea. Asubuhi ukungu huingia chumbani bila kubisha hodi. Mama akiamka hakujua ameamka au bado anaota, na hakuona sababu ya kuharakisha kujua.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na desturi. Kila jioni kabla ya chakula wageni wote waliketi barazani kwa duara, na kibuyu cha maji ya matunda kikazungushwa mkono kwa mkono. Mwenye kibuyu aliulizwa na mwongozaji, dada mmoja mzaliwa wa kijiji cha jirani, "Umeona nini leo?" Naye akasema. Mmoja kaona pomboo wa rangi ya waridi akipumua kando ya mtumbwi. Mwingine kamwona yule mnyama mvivu anayening'inia mtini kama nguo iliyosahauliwa kambani. Kibuyu kikimfikia mama yetu, ilikuwa vilevile kila jioni.

"Nimeona majani," alisema.

Watu walicheka kwa upole. Upole ule ukamchoma kuliko dharau. Kila mnyama alipotokea upande huu, yeye alikuwa ametazama upande ule.

"Majani nayo ni kazi ya Mungu, dadaangu," katibu alimnong'oneza.

"Usinihubirie. Wewe umeona fisi maji."

"Niliwaona kwa sababu nilinyamaza."

Alasiri moja mama akapanda peke yake kwenye jukwaa la mbao lililojengwa juu kabisa ya mti mrefu, penye kutazamia. Chini yake msitu ulilala kama ng'ombe wa kijani, ukipumua mvuke, na kijito kikipita katikati yake. Mwanga ulishuka kijanikijani, jani baada ya jani, ukamfikia usoni umekwisha kuchoka. Mahali fulani ndege alipiga mluzi, akaumaliza mluzi wake baada ya kitambo kirefu, kama aliyekuwa akifikiri. Mama akafumba macho ili amsikie vizuri. Na alipofumba, akamwona chui mkubwa wa nchi ile, wanayemwita jagwa, mnene, mwenye madoa kama maua yaliyokanyagwa, akishuka kijitoni kunywa. Chui akainua kichwa, na maji yakimdondoka kidevuni akamtazama mama, akamfahamu. Aah, mama alifurahi namna gani. Kisha kichwa kikamwangukia begani, akashtuka. Kijito kilikuwa kitupu. Alikuwa amesinzia, na alijua kwamba alikuwa amesinzia.

Jioni kibuyu kikamfikia.

"Umeona nini leo, mama?"

Angesema majani. Ulimi ulikuwa umeshaanza kuelekea huko. Lakini macho yalikuwa yanamngoja, na ule upole ulikuwa umeshatayarishwa.

"Nimemwona jagwa," akasema. "Kijitoni. Alinitazama."

Baraza zima likashusha pumzi. Mwongozaji akaweka mkono kifuani. "Alikuwa peke yake?"

Mnaona swali lile lilivyokuwa mlango? Angeweza kutokea hapo. Lakini mtu aliyezoea kushuhudia haachi hadithi uchi. "Alikuwa na watoto," akasema. "Wawili. Mmoja anamchezea mkia."

Walipiga makofi. Katibu peke yake hakupiga. Alikuwa anamwangalia mwenzake kama mpishi anayenusa maziwa.

"Basi kesho njia ya kijitoni inafungwa," mwongozaji akasema, na sauti yake ilikuwa ya sherehe. "Mwenye watoto wachanga hatumpitii mlangoni. Tunamwachia njia mpaka ahame mwenyewe. Hayo ni makubaliano ya kijiji na nyumba hii."

Mama akaona jambo hilo ni zuri sana. Hakuuliza njia ile hupitwa na nani.

Asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya maji, alikuta wanawake wa kijijini wameketi gatini, kila mmoja na kikapu chake cha kubeba mgongoni, mkanda kwenye paji la uso. Ulikuwa msimu wa kokwa. Kule ng'ambo ya kijito kuna miti mirefu inayodondosha matunda magumu kama vifuu vya nazi, yamejaa kokwa ndani. Na wanawake wale huishi kwa kokwa hizo mwaka mzima. Zilikuwa zimekwisha kudondoka. Wanyama walikuwa wanazila, na mashua ya wanunuzi ilikuwa njiani. Njia ya miguu ya kuzifuata ilikuwa moja, ya kijitoni.

Kiongozi wao, bibi mmoja mwembamba, akainuka akamshika mama mikono yote miwili. Mwongozaji akatafsiri.

"Tangu moto ule wa kiangazi ulioteketeza msitu hatujauona hata unyayo wake. Tulisema ametuhama. Asante kwa macho yako, mama."

Na bibi yule alikuwa analia. Si kwa sababu ya njia, bali kwa furaha.

"Sasa mtafanyaje?" katibu akauliza.

"Tutazunguka kwa mitumbwi, kwenye msitu uliofurika. Mkondo wa huko ni mbaya, mwaka jana ulimchukua dada yetu mmoja. Lakini mwenye watoto hapitiwi mlangoni." Bibi akaonyesha mtumbwi wa mbele, ambako binti yake, mjamzito, alikuwa anajipanga na kasia lake mapajani. "Huyu anaujua mkondo. Atatangulia."

Mama akajitenga kidogo, akafumba macho, akainamisha kichwa. "Ee Bwana," akanong'ona, "wajua sikuona kitu. Nisamehe mja wako."

"Amina," akasema katibu nyuma yake. "Sasa kawaambie wenye mitumbwi."

"Nimeshatubu."

"Umetubu kwa Kiswahili, dadaangu. Hapa Kiswahili tunakijua wawili, na Bwana. Na katika sisi watatu hakuna anayepanda mtumbwi ule."

Tumwache mama amesimama hapo kidogo, maana nina neno na sisi.

Sisi tunapenda kutubu mahali ambapo tuliyemuumiza hasikii. Tulisema kikaoni kwamba tumeonyeshwa kwa maono kijana fulani asimwoe binti fulani. Wazee wakaitikia amina, na njia ya watoto wale imefungwa mpaka leo. Tunalia madhabahuni, tunafunga, tunakesha. Vizuri. Binti amepigiwa simu? Tulimtaja msichana wa kazi kwa wizi, halafu pete ikaonekana nyuma ya kabati. Tukamshukuru Mungu kwa uaminifu wake, tena kwa sauti, na msichana bado yuko kwao anaitwa mwizi. Tunapeleka toba kwa Bwana kwa sababu Bwana tayari anajua, wala hatatukunjia uso mbele za watu. Ni toba isiyotugharimu kitu. Na angalia ni nani aliyezuiwa: wale waliotuamini. Wenye mashaka walipita zao. Waliotuheshimu ndio wanaofunga vikapu vyao kwenda kuzungukia mkondoni, huku wakitushukuru kwa macho yetu.

Haya, wewe ungengoja nini? Mtumbwi wa mbele ulikuwa umefunguliwa kamba.

Mama akashuka ngazi za gati akiwa na viatu vyake vya mkutano, maji yakamfika magotini, sketi ikaelea kumzunguka kama ua. Akaukamata ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili. Akasema kwa Kiingereza chake cha maazimio, polepole, ili mwongozaji asilazimike kumuuliza mara ya pili. Mwongozaji akamgeukia bibi. Kisha akatafsiri, na makasia yakatua.

Bibi mwembamba akamtazama mama kwa muda, kama mtu anayetafuta kitu ndani ya maji yenye tope.

"Na watoto?" akauliza. "Watoto hawapo?"

"Hawapo," mama akasema. "Hakukuwa na chui. Nililala kule juu, nikamwota. Watoto niliwaongeza mwenyewe nilipoona mnafurahi."