Neno Lililofuliwa Mtoni

Nani ameuliza kwa nini nguo tunazi"fua", si neno jingine? Wewe, Tabu? Haya, tega sikio, na anayetaka kucheka akachekee nje, maana hii si ya kuchekea.

Kabla bibi wa bibi yangu hajaota jino, maneno yalikuwa na mkia, na mkia ule ulikuwa hai. Siku hizi mkisema kunja na kunjua, ziba na zibua, mnasema tu, kazi inafanywa na mikono. Wakati ule neno lilifanya lenyewe. Mtu alisema "kunjua," mkeka ukajitandaza. Akisema "zibua," mtungi ukafunguka. Kila lililotendwa lilirudishwa nyuma kwa mkia wake, na watu wakawa wavivu kupindukia, hata nguo walivua kwa mdomo. Wazee walikataza neno moja tu. Kuvaa kuna kuvua, walisema, lakini kufa msikutie mkia. Na msiniambie kuna kufufua. Hilo ni la Mungu, sisi tunalitaja tu.

Basi alikuwapo mjane, Mwanahamida, mwenye binti mmoja aitwaye Kidawa. Kidawa alikuwa bibi harusi mtarajiwa, hina ishakolea mikononi, homa ikamchukua kwa siku mbili. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Matanga yalipokwisha na watu kutawanyika, mama alikwenda kaburini peke yake, jua la utosi, kivuli chake kimejikunja chini ya nyayo. Akasema, "Fukua." Udongo ukajisogeza kando, taratibu, bila sauti. Kisha akainama, akalisema lile lililokatazwa, kufa kwa mkia wake: "Fua."

Binti akainuka na sanda yake. Mama akamkumbatia, akalia, akamwambia, "Mwanangu, umerudi."

Kidawa akajibu, "Kwaheri, mama."

Akashika njia ya nyumbani kinyumenyume, visigino vimetangulia, bila kujikwaa hata mara moja, macho yake yakitazama kaburini njia nzima.

Mama alijipa moyo kwamba mwendo si kitu, maadamu mtoto amepatikana. Akamficha chumbani, akampakulia wali. Kidawa alipeleka mkono mdomoni kama mlaji yeyote, lakini kila mkono uliporudi, sahani ilizidi kujaa. Asubuhi yake hina ilikuwa imetoweka viganjani. Siku ya pili kimo kilipungua. Siku ya tatu alikuwa mtoto wa miaka saba mwenye pengo, anamtazama mama yake kwa woga kama mgeni. Mkia haukujua pa kusimama. Uliyarudisha nyuma mauti, ukaendelea kuurudisha nyuma na uhai.

Mama akakimbilia kwa Bi Mgeni, jirani yake, mkunga aliyempokea Kidawa siku ya kuzaliwa. Alimkuta anakanda unga.

"Njoo unisaidie, Kidawa anapotea."

Bi Mgeni akamtazama kwa huruma. "Kidawa yupi, dada yangu? Wewe hukujaliwa mtoto."

Mwanahamida akageuka. Akaenda mbio makaburini. Hapakuwa na tuta wala shimo. Majani yaliota pale kama ardhi ambayo haijaguswa jembe. Hapo akaelewa. Mwanawe akimaliza kurudi nyuma hatakuwa marehemu, atakuwa mtu ambaye hakupata kuwapo, na hata yeye mama atamsahau. Kati ya kufiwa na mtoto na kutokuwa naye tangu mwanzo, akachagua kufiwa.

Aliporudi, kitandani palikuwa na kichanga katikati ya sanda iliyotapakaa. Akakitoa, akakifunga katika kanga yake mwenyewe, akakibusu paji la uso. "Nenda mwanangu," alimwambia, "lakini nenda ukiwa wangu."

Akaichukua sanda mpaka mtoni, kwa kuwa ndiyo iliyolipokea lile neno. Akaipiga jiweni. Kila pigo alisema "fua," ili neno lichoke, lizoee kitambaa na maji, lisahau maiti. Alipiga mchana kutwa. Mwishoni alisema "fua" na hakuna kilichotokea, ila sanda kuwa nyeupe.

Nyumbani alikuta kanga imelala kitandani, tupu. Mlangoni alisimama Bi Mgeni, ana unga mikononi, machozi yanamtoka. "Pole, dada yangu. Kidawa wetu ametuacha hata nyumba yake hajaiingia."

Mwanahamida akaketi kizingitini. "Litaje tena jina lake," alimwomba, na Bi Mgeni akalitaja.

Na tangu siku hiyo mikia ya maneno yote ikapoa. Ukitaka mkeka ukunjuke, inama uukunjue. Kuvaa kuna kuvua, kufukia kuna kufukua, lakini kufa kumebaki bila mkia, na kufua ni kupiga nguo jiweni basi. Mimi mwenyewe, Tabu, alipofariki mama yako, mwanangu wa kumzaa, nilibeba kanga zake zote mpaka mtoni. Nilifua mpaka vidole vikachubuka. Zilitakata, mjukuu wangu. Zilitakata tu.