Usingizi Ulionyimwa Mkeka

Usingizi ulionyimwa mkeka hujitandikia.

Jana mmemsikia Bi Zawena akiutamka msemo huo mbele za watu, mkacheka, mkadhani anawasema wavivu wanaosinzia vikaoni. Kucheka si kosa. Lakini mmeniuliza ulikotoka, na mimi ninapajua. Haukuachwa na wahenga. Wenyewe wako hai, na wote wawili wamenisimulia, kila mmoja kwa wakati wake na kwa upande wake. Sogeeni, niwaeleze ulivyozaliwa.

Zamani Zawena alikuwa fundi cherehani hapahapa Muheza, ameolewa na Hemedi, dereva wa lori. Mimba mbili ziliharibika kabla hajampata Nuhu. Basi alipompata alimlinda kwa macho manne. Hakupenda abebwe na kila mtu, na akisifiwa kuwa mnene, usiku alimwogesha upya kuondoa kijicho.

Hemedi alikuwa na dada yake mkubwa, Kibibi, anayeishi Tanga mjini. Mama yao alipokufa, Kibibi ndiye aliyewalea wadogo zake wote, Hemedi akiwa bado hajaacha kunyonya. Yeye mwenyewe aliolewa, hakujaliwa mtoto, akaachika. Watu wanajua kusema juu ya mwanamke wa namna hiyo, kwamba hutamani watoto wa wenziwe, na Zawena alikuwa ameyasikia yote.

Nuhu alipotimiza miaka mitatu, Hemedi akasema, "Idi hii tutampeleka mtoto Dar es Salaam, akaone bustani ya michezo. Na dada nimemwalika."

Zawena akauliza, "Wifi naye anapenda bembea?"

"Atatusaidia na mtoto."

"Nimesema nimeshindwa?"

Hemedi akacheka, yakaishia hapo. Wakaenda.

Bustani yenyewe iliitwa Tiara, nje ya mji. Kulikuwa na bembea za kila aina, gurudumu kubwa la kupandisha watu juu, mitelezo ya maji, bwawa lenye maboti ya kukanyaga kwa miguu, na kigarimoshi cha watoto kinachozunguka bustani nzima kikipiga kengele. Wao walipanga vyumba katika nyumba ya wageni ng'ambo ya barabara.

Siku ya kwanza Kibibi ndiye aliyepanga mambo, maana ndivyo alivyozoea. Asubuhi alimnywesha Nuhu uji mzito na kumpa yai kabla hawajatoka. Wakaingia geti lilipofunguliwa tu, jua halijapanda, watu wachache, mtoto akapanda alichotaka. Hata adhuhuri haijaadhiniwa, Kibibi akasema, "Sasa ale, foleni za chakula hazijaanza. Akishakula, alale."

"Alale?" Zawena akashangaa. "Wifi, tumekata tiketi ya kutwa. Kulala si angelala Muheza?"

"Mtoto hajui tiketi," Kibibi akajibu. "Alale kidogo, alasiri atacheza tena."

Nyuma ya msikiti mdogo wa bustani kulikuwa na ukuta mrefu wenye kivuli. Kibibi akatandika mkeka wake pale, akamlisha Nuhu wali na samaki, akampangusa uso kwa kitambaa chenye maji, akamlaza ubavuni na kumpigapiga mgongo. Hazikupita dakika nyingi, mtoto akawa hoi.

Zawena alisimama akiangalia, shaka ikamwingia. Nuhu huyu kwa mama yake hulala kwa vita. Huomba maji, huomba hadithi, huomba kwenda kukojoa. Leo, kwenye kelele zote hizi, kwa mtu asiyemwona ila sikukuu hadi sikukuu, amelala kama aliyepigwa na kitu. Kwa nini?

Akajitenga, akampigia simu dada yake Mwajabu.

"Na alipolala alikoroma?" Mwajabu akauliza.

"Kidogo."

"Mdogo wangu, hakuna bure. Uchunguze mkoba wake."

Kibibi alipokwenda kuswali, Zawena akaufungua mkoba. Akakuta chupa ya uji, ndizi mbivu, kanga mbili. Chini kabisa akakuta kichupa cha kahawia kisicho na karatasi. Akakifungua, akanusa. Ikamjia harufu tamu inayowasha pua. Akakumbuka dawa ya kikohozi inayolaza watoto. Akasikia nyayo, akakifunga kwa haraka, akakirudisha.

Kibibi akakaa, akauvuta mkoba wake karibu, akamtazama Zawena kidogo. Zawena hakuuliza kitu. Alasiri Nuhu akaamka mchangamfu, akacheza mpaka jioni, lakini mama yake hakuuona uchangamfu huo. Alikuwa akimtazama macho, kama mboni zimekaa sawa.

Kesho yake Zawena aliamka mapema, akamvisha mtoto.

"Leo pumzika, wifi," akamwambia Kibibi mlangoni. "Tutakwenda sisi watatu."

"Amekula?"

"Atakula hukohuko."

"Na mkeka?"

"Mkeka wa nini? Leo hatulali."

Kibibi akainama akamfunga Nuhu kifungo cha shati, akarudi ndani.

Basi siku ile Nuhu alikula bisi, akala pamba ya sukari, akanywa soda. Adhuhuri foleni ya chakula ikawa ndefu, Hemedi akaenda kusimama, na Zawena akampeleka mtoto kwenye kigarimoshi, kwenye foleni nyingine ya juani. Nuhu akaanza kulia. Akaulizwa anataka nini, akasema kigarimoshi. Akaambiwa ndicho hiki tunachokingojea, akasema hakitaki. Akapewa maji, akayamwaga. Akampiga mama yake pajani, akachuchumaa chini.

"Leo umeingiwa na nini?" Zawena akamwuliza. Moyoni akajijibu kwamba ni ile dawa, jana ameinywa, leo anaitafuta.

Punde mwanamke mmoja akapenya mbele yake na watoto wake. Zawena akamwambia arudi nyuma, yule akajibu kwa kiburi, maneno yakapandana. Alipogeuka kumshika Nuhu, mkono ukashika hewa.

Akaita. Akazunguka foleni. Akatazama bwawa, maboti yakapita, mtoto haonekani. Halafu kwa mbali, kati ya watu, akaiona kanga ya manjano yenye maua meusi, na akaijua kuwa ni ya Kibibi. Palepale hofu yake ikageuka kuwa hasira, akamkimbilia Hemedi.

"Dada yako amemchukua Nuhu!"

"Dada? Dada tumemwacha chumbani!"

"Nimemwona!"

Wakakimbia, mlinzi wa bustani nyuma yao akiwaita wenzake kwa redio, na watu wawili watatu wanaopenda kujua. Wakamkuta Kibibi nyuma ya msikiti, chini ya ule ukuta. Mkeka umetandikwa, chakula kimefunikwa. Mtoto hayupo.

"Mwanangu yuko wapi?" Zawena akapiga kelele.

Kibibi akainuka. "Nuhu? Si mko naye?"

"Usinizungushe! Tumekwambia upumzike, umefuata nini huku?"

"Nimeleta chakula chake. Nilisema labda mtachoka, mtakuja."

"Mwongo! Jana ulimnywesha nini mwanangu hata akalala vile? Kichupa nimekiona! Mwambie ndugu yako kichupa kile kina nini!"

Watu wakasogea. Mlinzi akautazama mkoba. Hemedi akamtazama dada yake, naye akauliza kwa sauti ndogo, "Dada, kichupa gani?"

Nadhani hilo ndilo lililomuuma Kibibi kuliko yote, maana aliyeuliza ni Hemedi, ambaye yeye alimlea na kumbeba mgongoni. Akakitoa kichupa, akakifungua, akanywa mpaka tone la mwisho, akakipindua juu chini wote wakione.

"Asali na tangawizi," akasema. "Nakohoa tangu Ramadhani. Nikisinzia hapa, nifungeni. Sasa nijibuni. Mtoto amekula nini leo?"

"Bisi," Hemedi akasema. "Na sukari."

"Amelala?"

Hemedi akatikisa kichwa.

Kibibi akamgeukia mlinzi. "Wenzako wanamtafuta wapi?"

"Kwenye bembea, mama. Na bwawani."

"Bwawani waendelee, lakini bembea waache. Huko wanatafuta mtoto anayecheza, na huyu amelala. Tafuteni penye kivuli, penye ufinyu, chini ya vitu. Palipo karibu na hapo alipopotea."

Wakaenda. Na hapa nawaambia alivyoniambia Zawena mwenyewe, bila kujipamba. Yeye hakutafuta. Alimfuata Kibibi hatua kwa hatua akimtazama mikono. Moyoni alikuwa akijiuliza huyu anajuaje, akajijibu kwamba anatupeleka alikomficha. Kibibi akafunua turubai la muuza soda, hamna kitu. Akachungulia nyuma ya kibanda cha tiketi, hamna. Akafika kwenye kituo cha kigarimoshi, kile kijukwaa cha mbao wanachopandia watoto, akapiga magoti na kutazama chini yake.

"Yuko hapa," akasema.

Zawena akasema moyoni, ndiyo, si yeye aliyemweka? Akajitupa chini, akatazama.

Nuhu alikuwa amelala chali kwenye giza la chini ya mbao. Chini yake kulikuwa na boksi la juisi lililokunjuliwa, amelitandaza vizuri. Kando yake vindara vyake vimewekwa pamoja, kimoja kimegusa kingine, vile anavyoviweka nyumbani kila anapopanda kitandani. Hakuna mwizi wa mtoto anayepanga ndara namna ile. Zawena aliona hilo kwa kutupa jicho mara moja tu, na ile shaka iliyokaa kifuani mwake tangu jana ikaanguka.

Lakini hakupata nafasi ya kupumua. Upande wa pili wa jukwaa ndiko reli inakopita, na kichwa cha Nuhu kilikuwa kimeelekea huko, karibu mno na chuma. Na kengele ikalia. Kigarimoshi kilikuwa kimekata kona, kinakuja, kimejaa watoto wanaoimba.

Zawena akafungua kinywa amwite. Kibibi akamziba kwa kiganja.

"Usimwite! Akishtuka atainuka, na akiinuka kichwa kitakwenda relini. Mwache alale. Akilala, kitampita."

"Wifi..."

"Niamini, Zawena. Mara hii moja tu."

Hemedi na mlinzi walikuwa wakikimbilia mbele wakipunga mikono, dereva akafunga breki, lakini kigarimoshi kilikuwa na mzigo, kikaendelea kuteleza. Zawena aliuma upindo wa kanga ya Kibibi, ile ya manjano, akaung'ata mpaka meno yakakutana. Hakuita. Mbao zikatetemeka, vumbi likadondoka juu ya mtoto. Gurudumu la kwanza likapita pembeni ya kichwa chake, likafuata la pili, kisha kikasimama. Nuhu akakunja pua, akageukia upande wa mama yake, akaendelea kulala.

Zawena akatambaa humo ndani kwa tumbo, akamvuta kwa miguu, akamtoa.

Dereva alishuka mbio, akachungulia chini ya mbao. Alipoona boksi na vindara, akaketi chini, akasema, "Kumbe mwenzetu alishajitandikia!" Watu wakacheka kile kicheko cha kutoa hofu. Zawena hakucheka. Alimbeba Nuhu mpaka nyuma ya msikiti, akamlaza kwenye mkeka wa Kibibi, akamwacha Kibibi amfunike.

Siku ya tatu walikwenda wote wanne, Nuhu akala kwa wakati na kulala kwa wakati. Lakini wale wanawake wawili walizungumza machache tu: nipe kikombe, shika kanga. Kosa la namna ile halifutiki kwa wali na samaki.

Ilikuwa ndani ya basi, wanarudi, Hemedi amesinzia kiti cha nyuma na mtoto, ndipo Zawena akasema, "Wifi, juzi uliposwali niliufungua mkoba wako."

"Najua," Kibibi akasema. "Kifuniko hukukikaza. Asali ilimwagikia kanga yangu."

"Ulijua tangu siku ile? Mbona hukusema?"

"Nilingoja uniulize. Ungeniuliza kuna nini humu, ningekuonjesha. Nilikaa mchana kutwa nikingoja."

Zawena akatazama dirishani, mashamba ya mkonge yanapita. Akatambua kwamba swali lilikuwa dogo, la maneno matatu, na lilitaka pa kukaa. Yeye akalinyima. Alilifukuza mdomoni, likaenda kulala kwa Mwajabu, likalala ndani ya mkoba wa watu, mwisho likaenda kulala mbele ya mlinzi na watazamaji.

"Usingizi ulionyimwa mkeka hujitandikia," akasema.

Kibibi akamgeukia. "Unamsema Nuhu?"

"Nuhu ndiyo. Na ninajisema mimi."

Kibibi aliutoa mkono wake, akaushika wa Zawena, na hakuuachia mpaka Zawena aliposhuka Muheza.

Basi mkimsikia mtu akiutamka, msidhani anawasema wasinziaji. Njaa, uchovu, shaka, kila kilicho ndani ya mtu kina haki ya mahali pake. Ukikinyima, hakiondoki. Kitakwenda kulala relini. Usingizi ulionyimwa mkeka, wanangu, hujitandikia.